Askari wa Akiba wa Uswisi, na Riziki ya Nyumba Zao

Leo tumekusudia kuzungumza nanyi juu ya askari wa akiba, yaani watu ambao kwa sheria ni askari, lakini siku nyingi za mwaka mgeni hawezi kuwatambua, kwa kuwa wamo mashambani, madukani, karakanani na maofisini pamoja na watu wengine. Maswali juu yao ni mengi. Mtu wa namna hii hutumikaje? Nani amwitaye? Hufundishwa lini? Hulipwa nini? Na siku akiitwa, ng'ombe wake hukamwa na nani? Swali hili la mwisho watu hulicheka. Sisi twaliona kuwa ndilo kubwa kuliko yote, na sehemu kubwa ya mazungumzo yetu itakuwa juu yake.

Neno akiba si geni kwetu. Mkulima aliyevuna mtama hali wote. Sehemu huitia ghalani kwa ajili ya mwaka wa njaa, na mbegu huzitundika juu ya meko zisiharibiwe na wadudu. Dola nazo hufanya vivyo hivyo na askari. Kuwaweka kambini mwaka mzima watu wote wawezao kushika bunduki ni gharama isiyochukulika, na tena ni kuua kilimo na kazi za mikono. Kwa hiyo nchi nyingi huwa na jeshi dogo la kudumu, na nyuma yake orodha ya watu waliokwisha fundishwa, ambao wataitwa siku ya haja. Uingereza, kwa mfano, tangu tarehe 1 Aprili 1908 imekuwa na jeshi la watu wa kujitolea, ambao hufanya kazi zao za kawaida na kujifunza uaskari jioni na siku za mapumziko. Na tangu mwaka wa 2014 jeshi hilo laitwa kwa jina lenyewe la Jeshi la Akiba. Katika nchi nyingine askari aliyemaliza mkataba wake huandikwa katika orodha, na kwa miaka kadhaa aweza kurudishwa kazini. Lakini iko nchi moja iliyokwenda mbali zaidi, hata karibu jeshi lake zima ni la akiba, na askari wa kudumu ni wachache mno. Nchi hiyo ni Uswisi, nayo ndiyo tutakayoitwaa kuwa mfano wetu.

Uswisi imo katikati ya Ulaya, haina pwani, na sehemu kubwa yake ni milima yenye theluji. Ukubwa wake ni kilometa za mraba 41,000 na kidogo, yaani ni karibu sawasawa na Mkoa wa Dodoma. Watu wake wamefika milioni 9, nao hutumia lugha nne: Kijerumani, Kifaransa, Kitaliani na Kiromanshi. Nchi imegawanyika katika majimbo 26, na kila jimbo lina serikali yake na sheria zake. Watu wa lugha mbalimbali na dini mbalimbali namna hiyo si rahisi kuwafanya wakubali kulipa jeshi kubwa la kudumu, wala hawapendi kuona jeshi la jimbo moja likitawala jingine. Basi Katiba ya mwaka wa 1848 ilitangaza kwamba kila mwanamume Mswisi anawajibika kutumika jeshini. Katiba ya sasa, iliyokubaliwa mwaka wa 1999, yarudia neno hilo hilo. Wanawake hawalazimishwi, lakini aliye na nia aweza kuingia, na tangu mwaka wa 2004 kazi zote za jeshi ziko wazi kwao.

Sasa tumfuate kijana mmoja, mtoto wa mfuga ng'ombe katika bonde la milimani. Hatuna haja ya kumpa jina. Vijana wa namna yake ni maelfu. Anapofika umri wa miaka 18 huitwa na jimbo lake kwenye siku ya maelezo, akaambiwa haki zake na wajibu wake. Baadaye huitwa tena kwa siku mbili au tatu za kupimwa: mganga amtazame moyo, macho na masikio, wengine wampime mbio na nguvu, wengine waulize tabia yake na elimu yake. Aonekanaye kuwa hafai hurudishwa nyumbani. Anayefaa huambiwa ni kazi gani atakayopewa, kama ni ya askari wa miguu, au dereva, au mpishi, au mganga msaidizi, au mchunga wanyama wa mizigo. Kwa maana hata leo jeshi la Uswisi lina farasi na nyumbu, kwa kuwa ziko njia za milimani ambazo motakaa haipandi.

Kisha huingia shule ya makuruta, ambayo kwa kazi nyingi huchukua majuma 18. Humo hujifunza kwata, shabaha, kusoma ramani, kufunga majeraha na kutii amri. Jambo la kustaajabisha ni kwamba wengi wa wale wamwamrishao, yaani makoplo, masajini na maluteni, nao si askari wa kudumu. Luteni aweza kuwa karani wa benki au mwalimu, aliyetoa siku nyingi zaidi za maisha yake ili apate cheo hicho. Wako walimu wa jeshi wa kudumu wanaosimamia mafundisho, lakini idadi yao ni ndogo.

Yakiisha majuma 18, kijana hurudi kwao. Nguo zake za kiaskari, buti zake na bunduki yake huenda nazo nyumbani. Jambo hili huwashangaza sana wageni, kumwona kijana amekaa katika gari la moshi siku ya Jumamosi, bunduki i begani, wala hapana mtu anayeogopa. Zamani alipewa na kopo la risasi 50 lililofungwa kwa muhuri, alitunze nyumbani asilifungue ila kwa amri ya vita. Watu wakanena kwamba silaha hizo zilileta misiba katika nyumba nyingine, hasa ya watu kujiua, na mwaka wa 2007 ikaamriwa makopo yarudishwe ghalani. Bunduki zenyewe zikabaki. Tarehe 13 Februari 2011 wananchi waliulizwa kwa kura kama nazo zirudishwe, na wengi wakakataa, watu 56 katika kila mia. Asiyetaka kukaa nayo nyumbani aweza kuiweka katika ghala la jeshi bila malipo.

Kutoka hapo ndipo aanzapo kuwa askari wa akiba hasa. Mara moja kila mwaka huitwa kwa majuma matatu katika kikosi chake, pamoja na watu wale wale, ili wasisahau waliyojifunza. Mara sita afanye hivyo. Ukizijumlisha siku zote, za kupimwa, za ukuruta na za marudio, askari wa kawaida hutumika siku 245 katika maisha yake. Kijana asiyependa kuzitawanya siku hizo aweza kuomba kutumika siku 300 kwa mfululizo, kisha asiitwe tena ila kwa haja kubwa. Lakini njia hiyo hufunguliwa kwa wachache. Wenye bunduki hupaswa tena, kila mwaka kabla ya mwisho wa Agosti, kwenda kwenye uwanja wa shabaha wa karibu na kupiga risasi 20 kutoka mita 300. Siku hiyo vijana na wazee hukutana, na baada ya kupiga shabaha huketi kula na kunywa. Asiyekwenda huitwa kwa nguvu ya sheria, na hapo hapana karamu.

Tarehe za kuitwa hutangazwa mapema sana, ili mtu apange kazi zake. Ikiwa kijana wetu ameitwa wakati wa kukata majani, wakati ambao mfuga ng'ombe wa milimani hukusanya chakula cha mifugo cha miezi yote ya theluji, aweza kuandika barua ya kuomba siku zake ziahirishwe, akaeleza sababu. Mwanafunzi mwenye mtihani hufanya hivyo hivyo. Maombi mengine hukubaliwa, mengine hukataliwa. Na siku zilizoahirishwa hazifutwi, zabaki kuwa deni.

Na yule asiyetumika? Huyo hulipa. Mwanamume aliyeonekana hafai, au asiyetimiza siku zake, hutozwa kila mwaka faranga 3 katika kila faranga 100 za mapato yake yanayotozwa kodi, na hata maskini hana budi kufikisha kiasi kilichowekwa. Mwenye ulemavu mkubwa husamehewa. Sheria hii yaonekana kuwa ya haki, kwa kuwa huyu atoa siku na yule atoa fedha. Lakini tazameni jambo lililotokea. Kijana mmoja mwenye ugonjwa wa kisukari alitaka kwa moyo wake wote kutumika. Waganga wa jeshi wakasema hafai. Kisha akatozwa ile kodi kwa sababu ulemavu wake haukuhesabiwa kuwa mkubwa wa kutosha kusamehewa. Akashtaki hata kesi ikafika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliyoko Strasbourg, nayo mwaka wa 2009 ikahukumu kwamba ametendwa kwa ubaguzi. Tangu hapo Serikali imeweka njia kwa watu wa namna hiyo kupewa kazi wanazoziweza jeshini. Na yule ambaye dhamiri yake yamkataza kushika silaha, zamani alifungwa gerezani. Tangu mwaka wa 1996 aweza kutumika katika mahospitali, makao ya wazee au misitu, lakini siku zake huwa mara moja na nusu ya zile za jeshi.

Hayo ndiyo yaandikwayo katika vitabu. Sasa twende kwenye swali la ng'ombe.

Wahenga walisema akiba haiozi. Walisema kweli juu ya fedha na juu ya nafaka iliyokauka vizuri. Lakini akiba ya watu huoza upesi, kama ghala lenyewe halikutunzwa. Na ghala la askari wa akiba ni nyumba yake. Waswisi hawakulijua neno hili mwanzoni. Walifundishwa na taabu, na habari yenyewe ni hii.

Mapema Agosti 1914, Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka, Uswisi iliita jeshi lake lote lilinde mipaka, na watu zaidi ya 200,000 wakaacha majembe, mashine na vitabu. Nchi haikuingiliwa na adui. Lakini vita vikaenda miaka minne, na askari wale wakawa wakiitwa, wakiachwa, wakiitwa tena, hata kwa wastani kila mmoja akatumika kama siku 500. Kwa siku hizo zote alipewa posho ndogo ya kiaskari. Mshahara wake wa kazi ulikoma siku ile aliyovaa buti. Tajiri wake hakulazimishwa kumlipa, wala kumngoja. Kodi ya nyumba haikukoma, wala bei ya mkate haikungoja. Ilizidi kupanda mwaka hadi mwaka. Palikuwa na msaada wa serikali kwa jamaa za askari walio mafukara, lakini ilimpasa mke wa askari kwenda mbele ya wakubwa wa kijiji na kuthibitisha ufukara wake, na wengi waliona ni afadhali kulala na njaa kuliko kuaibishwa hivyo mbele ya majirani. Mwanamume alikuwa mpakani akilinda nchi, na nyumbani mkewe alikuwa akihesabiwa kuwa mwombaji.

Tuwaze wenyewe yaliyokuwa katika moyo wa askari yule zamu ya usiku. Hakuwa mwoga, wala hakuichukia nchi yake. Lakini macho yake yalitazama mpaka na moyo wake ulitazama chungu cha nyumbani. Mwaka wa 1918 ikaja na homa kali ya mafua iliyozunguka dunia nzima, ikaua katika Uswisi watu karibu 25,000, na kambi zilizosongamana askari zikapata msiba mkubwa. Hata tarehe 12 Novemba 1918, siku moja tu baada ya mizinga kunyamaza Ulaya, wafanyakazi wapatao 250,000 wakagoma, magari ya moshi yakasimama. Serikali ikaita askari wa akiba wauzuie mgomo, na hapo watu wa taifa moja wakatazamana, hawa na bunduki, hawa mikono mitupu. Tarehe 14 askari walipiga risasi katika mji wa Grenchen, wakafa wafanyakazi watatu. Mgomo ukaisha siku ile, lakini uchungu wake ulikaa miaka mingi. Sababu za mgomo zilikuwa nyingi, nasi hatusemi ni hii peke yake. Ila katika nyumba za wafanyakazi zile siku 500 bila mshahara hazikusahauliwa.

Ikapita miaka 20. Vita vya pili vilipokaribia, wale waliokuwa vijana mwaka wa 1914 sasa walikuwa ndio wakubwa, na walikumbuka. Tarehe 30 Agosti 1939 Baraza la taifa lilimchagua Henri Guisan kuwa Jenerali. Tuseme hapa kwamba Uswisi haina jenerali wakati wa amani. Cheo hicho hutolewa na Baraza wakati wa hatari tu. Guisan mwenyewe alikuwa mtu wa shamba, aliyeanza uaskari wake kama ofisa wa akiba, akajua ng'ombe na majani ni nini. Siku chache baadaye redio zikatangaza, na matangazo yaliyokuwa yamekwisha pigwa chapa yakabandikwa vijijini, na watu kama 430,000 wakashika bunduki zilizokuwa nyumbani mwao wakaenda kwenye vituo vyao. Nchi yote wakati ule ilikuwa na watu milioni 4 na kidogo. Hata farasi waliandikwa wakaitwa. Mashambani wakabaki wanawake, wazee na watoto. Wao ndio waliolima, wakakamua, wakaingiza mavuno ya mwaka ule.

Safari hii Serikali haikungoja. Tarehe 20 Desemba 1939 ilitoa amri, nayo ikaanza kufuatwa tarehe 1 Februari 1940: kila mfanyakazi atakatwa faranga 2 katika kila 100 za mshahara wake, na tajiri wake ataongeza faranga 2 nyingine, na Serikali Kuu pamoja na majimbo zitatoa kiasi kilicho sawa na hizo zote. Fedha hizo zikatiwa katika mifuko ya malipo, na kutoka humo nyumba ya kila askari aliyeitwa ikalipwa, zaidi kwa mwenye mke na watoto. Katikati ya mwaka ule ule amri nyingine ikawaingiza wakulima na wenye maduka, ambao hawana tajiri wa kuwalipa. Tangu hapo mke wa askari hakuhitaji kwenda kuthibitisha ufukara. Alichopokea kilikuwa haki ya siku alizotumika mumewe, nayo ilihesabiwa kama mshahara uhesabiwavyo.

Jeshi lile likakaa chini ya silaha, kwa zamu, hata tarehe 20 Agosti 1945. Askari waliruhusiwa kurudi kwa makundi kukata majani na kuvuna, kisha wakarejea. Hatutaki mtu adhani kwamba Uswisi iliokoka kwa bunduki na mifuko ya malipo tu. Wanahistoria wameonyesha kwamba biashara yake na Ujerumani na dhahabu iliyopita katika mabenki yake vilikuwa na sehemu yao, na jambo hilo lilileta lawama kubwa miaka ya baadaye. Lakini katika jambo hili letu la leo, tofauti yaonekana. Mwaka wa 1945 askari walirudi nyumbani, na mgomo mkuu kama ule wa 1918 haukutokea.

Mfuko huo upo hata leo. Askari wa akiba aliyeitwa, kama alikuwa na kazi, hulipwa faranga 80 katika kila 100 za mapato yake ya kawaida, mpaka kipimo cha juu kilichowekwa, na mwenye watoto huongezewa kwa ajili yao. Matajiri wengi huongeza ile sehemu inayobaki, hata mtu akapata mshahara wake kamili. Mkulima mwenye shamba lake hupewa tena posho ya gharama za shamba, kwa kuwa ng'ombe hawajui kwamba bwana wao ameitwa. Kwa miaka mingi njia yenyewe ilikuwa rahisi: mhasibu wa kombania aliandika katika karatasi ndogo idadi ya siku alizotumika askari, askari akampa tajiri wake karatasi ile, tajiri akalipa mshahara kama kawaida, kisha akaipeleka karatasi kwenye mfuko akarudishiwa fedha. Karatasi moja tu, lakini yule wa mwaka wa 1914 angalitoa nini aipate!

Pamoja na malipo iko kinga ya kazi. Sheria yakataza tajiri kumfukuza mtu akiwa katika utumishi. Na kama utumishi wapita siku 11, hawezi kumfukuza hata majuma manne kabla yake wala majuma manne baada yake. Na askari aumiaye au augueaye kambini hutibiwa na bima ya jeshi, ambayo imekuwapo tangu mwaka wa 1902. Akifa, warithi wake hawaachwi mikono mitupu. Matajiri wengine hunung'unika, nasi hatuwalaumu sana. Mwenye karakana ya watu watano akiondokewa na mmoja kwa majuma matatu, mzigo ule huwaangukia wanne, wala hapana fedha iwezayo kutengeneza saa au kufua chuma.

Ule mfuko wa askari ulizaa watoto ambao hapana aliyewatazamia. Waswisi walipoona kwamba makato madogo kwa kila mtu yaweza kulisha nyumba za askari laki nyingi, walisema, kwa nini tusiwalishe wazee kwa njia hiyo hiyo? Wakapiga kura mwaka wa 1947, na malipo ya uzeeni yakaanza tarehe 1 Januari 1948, yakifuata mfano wa makato yale yale na kutumia ofisi zile zile. Na jambo la pili lilichelewa mno. Wanawake wafanyao kazi walikatwa fedha za mfuko huu tangu mwaka wa 1940 kama wanaume, ingawa wao hawakuitwa jeshini. Walipojifungua hawakupata kitu humo. Mwaka wa 1945 wananchi walikubali katika Katiba kwamba iwepo bima ya uzazi. Lakini maneno yalikaa katika karatasi karibu miaka 60, na kila mswada ulioletwa ukaanguka. Ni mwezi wa Septemba 2004 ndipo kura ilipopita, na tangu tarehe 1 Julai 2005 mama mfanyakazi aliyejifungua hulipwa kwa majuma 14, faranga 80 katika kila 100, kutoka mfuko ule ule wa askari. Ikiwa kumlinda mtoto mchanga si kulinda nchi, basi hatujui kulinda nchi ni nini. Lakini kungoja miaka 60 ni kungoja kupita kiasi.

Jeshi lenyewe limepungua sana. Wakati wa uhasama wa Mashariki na Magharibi, Uswisi iliweza kuita watu zaidi ya 600,000. Leo orodha yake ni kama 140,000. Wako Waswisi wasiolitaka kabisa. Tarehe 26 Novemba 1989 waliulizwa kama jeshi liondolewe, na karibu watu 36 katika kila mia wakasema liondolewe, jambo lililowatia wakubwa wa nchi mshangao mkubwa. Septemba 2013 waliulizwa kama kulazimishwa kuishe, na watu 73 katika kila mia wakakataa. Twaona ni jambo jema kwamba swali kama hilo laweza kuulizwa, na aulizwaye ni yule yule atakayevaa buti.

Na mtu asidhani kwamba askari wa akiba huitwa kwa vita tu. Maporomoko ya theluji, mafuriko na mioto ya misitu vimewaita mara nyingi. Tarehe 16 Machi 2020, maradhi ya korona yalipoenea, Serikali iliruhusu waitwe mpaka 8,000, na haikuwa imeonekana tangu vita vya pili kuitwa watu kwa wingi namna hiyo. Wengi walikuwa wa vikosi vya uganga. Safari hii hapakuwa na karatasi za kubandika ukutani. Amri ilikuja kwa ujumbe katika simu ya mkononi, mmoja yumo dukani, mwingine yumo darasani, mwingine yumo zizini. Wakaenda mahospitalini kuwageuza wagonjwa, kupima joto na kubeba machela, na huko nyumbani malipo yakaenda kama kawaida.

Tumalize na kijana wetu wa bondeni. Miaka ikiisha, naye akiwa amekaribia au kupita kidogo miaka 30, huitwa kwa mara ya mwisho, si kwa kwata bali kurudisha vitu. Hupanga mezani kofia ya chuma, mfuko wa kulalia na vyombo vingine, karani akavihakiki kimoja kimoja. Bunduki aweza kuinunua, akiwa na kibali na akiwa mpiga shabaha wa kweli, baada ya fundi kuondoa ule uwezo wa kupiga mfululizo. Kisha hupeana mikono na wenzake wa kikosi akapanda gari la moshi kwenda kwao. Makato hayakomi siku hiyo. Yaendelea kila mwezi, nusu faranga katika kila faranga 100, nusu yake yatoka katika mshahara wake na nusu kwa tajiri wake, kwa ajili ya kuruta aingiaye mwaka huo na mama aliyejifungua juzi.